Mpingo si Abunusi: Istilahi za Ala Kongwe za Bendi za Jeshi

Mwaka 2018 sanduku moja lilirudishwa kutoka mpakani hadi Tengeru, chini ya Mlima Meru, bila kufika Nairobi lilikokuwa likipelekwa. Ndani yake mlikuwa na ala tatu za muziki: klarineti mbili na filimbi moja, zote za mti, zote zikiwa zimewahi kutumika katika bendi za majeshi ya Ulaya, na zote zikiwa na umri unaozidi miaka mia moja. Mwenye mali, mzee mstaafu aliyezikusanya kidogo kidogo kutoka minadani na katika mashamba ya walowezi waliohama, alikuwa amekwisha kuafikiana na mnunuzi. Ala zilikuwa nzima na bei ilikuwa imekubaliwa. Kilichoharibu safari ni maneno. Orodha ya Kiingereza na tafsiri yake ya Kiswahili hazikusema jambo moja, na tafsiri hiyo ilikuwa imepita mezani kwetu ikaidhinishwa.

Tumeonelea, kwa hiyo, kwamba yafaa tuwaeleze wafasiri, walimu na watumishi wa serikali mahali tulipokosea, na maneno tunayoyapendekeza badala ya yale tuliyoyapitisha. Wanaokusanya ala za aina hii katika Afrika ya Mashariki ni wachache sana, hilo tunalikubali. Hata hivyo maneno yanayohusika si ya wakusanyaji peke yao. Mengi ni yale yale yanayotumiwa na mwalimu wa muziki, afisa wa misitu na karani wa forodha, na moja kati yake ni jina la mti ambao Tanzania inajulikana kwao duniani kote.

Tuanze na kichwa cha orodha yenyewe. Tuliandika "Ala Kongwe za Kijeshi za Kupuliza", tukadhani tumefasiri vizuri. Neno ala kwa Kiswahili ni chombo cha kufanyia kazi yoyote. Tena ni kile kifuko cha kutilia kisu, upanga au jambia. Likitajwa peke yake karibu na neno la kijeshi, ni nani atakayefikiria muziki? Afisa aliyeipokea karatasi alitaka kujua kwanza ala hizo zinapuliza kitu gani, kwa kuwa duniani ipo mitutu ya kupulizia mishale yenye sumu, na kazi yake ni kuzuia silaha zisipite. Hatuwezi kumlaumu. Kosa letu lilikuwa kuacha neno "muziki" kwa kudhani kwamba kila msomaji angelijaza mwenyewe. Tunapendekeza isemwe "ala za muziki za bendi za jeshi", ingawa ni ndefu, na pale tu ambapo muziki umekwisha kutajwa ndipo mwandishi afupishe.

Neno bendi halina ugomvi. Lilitanguliwa na ndugu yake beni, lililoenea kutoka mwambao tangu miaka ya 1890 kama jina la ngoma zilizoiga mavazi, vyeo na magwaride ya bendi za kizungu, na ambalo askari wa Vita Kuu ya 1914–1918 walilisambaza hadi bara. Leo beni ni jina la ngoma, na bendi ni jina la kundi la wapigaji. Lugha yenyewe imekwisha kuyagawa maneno hayo bila kusubiri kikao chetu. Mkazi wa Arusha anazijua bendi za jeshi kwa macho na masikio: maafisa wanafunzi wa chuo cha Monduli wanapotunukiwa kamisheni, ni bendi inayoongoza gwaride, na mara nyingine sherehe hiyo imefanyika mjini katika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Wapenzi wa lugha hawana haja ya kukumbushwa kwamba jina la uwanja huo ni la mshairi, yule aliyetoa kitabu cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954.

Neno la pili la kuchunga ni kale. Katika mazungumzo ya kawaida hakuna ubaya kuiita klarineti ya mwaka 1890 "kitu cha kale". Katika karatasi ya serikali upo ubaya. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 imeweka mpaka wa miaka: masalio inayoyalinda ni yale yaliyofanywa na mikono ya watu kabla ya mwaka 1863, na milango ya mbao iliyonakishiwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki ina mpaka wake wa peke yake, yaani kabla ya 1940. Mfasiri anapoandika "ya kale" juu ya ala ya mwaka 1890 anaiingiza, bila kujua, katika milki ya sheria isiyoihusu. Wakusanyaji na watu wa forodha katika nchi nyingi huhesabu miaka mia moja kuwa ndiyo inayotosha kukipa kitu hadhi yake. Kwa maana hiyo tunapendekeza kivumishi -kongwe: ala kongwe, saa kongwe, samani kongwe. Maneno "-a kale" yaachiwe sheria na wanaakiolojia. Hili ndilo neno moja la kichwa chetu ambalo hatulijutii.

Sasa tuje kwenye mti, ambako hasara yenyewe ilitokea.

Katika orodha ya Kiingereza klarineti mbili zilielezwa kuwa za mti uitwao kwa jina la kitaalamu Dalbergia melanoxylon. Sisi tukaandika "abunusi". Kamusi nyingi zinaruhusu. Ukitafuta abunusi utaambiwa ni mpingo, na ukitafuta mpingo utaambiwa ni abunusi, na msomaji huzunguka hivyo kama ng'ombe wa kinu. Lakini hii ni miti miwili isiyo na udugu. Abunusi, neno tulilolipata kutoka Kiarabu, ni miti ya jamii ya Diospyros, ambayo iliyo mashuhuri zaidi kwa mbao nyeusi hutoka India, Sri Lanka, Madagaska na Afrika ya Magharibi. Mpingo ni wa ukoo wa kunde. Huota katika mapori makavu ya nchi yetu, hasa mikoa ya kusini, na kwa uchache nyanda kavu za kaskazini. Hautafutwi katika msitu wa mvua wa Mlima Meru. Kiini chake ni cheusi chenye michirizi ya kahawia, na kimezungukwa na tabaka jembamba jeupe au la manjano. Uzito wake ni mkubwa hata kipande chake hukizamisha majini. Huchukua miaka sabini hadi mia moja kufikia unene wa kuvunwa, na hata hapo shina mara nyingi huwa fupi na lenye kupinda, hivi kwamba sehemu ndogo tu ya gogo ndiyo inayofaa kwa klarineti.

Tarehe 2 Januari 2017 miti yote ya jamii ya Dalbergia ambayo haikuwamo iliingizwa katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, unaojulikana kwa kifupi kuwa CITES. Tangu siku hiyo hata ala iliyokwisha kutengenezwa, ikiwa inavuka mpaka kwa ajili ya kuuzwa, ilihitaji hati. Mzee wetu alizileta karatasi zake mwaka 2018. Karatasi moja ilitaja mti ulio katika mkataba; ya pili, iliyokuwa na idhini yetu, ilitaja mti mwingine. Afisa anayekuta majina mawili ya mti juu ya sanduku moja ana sababu nzuri ya kudhani kwamba mojawapo limewekwa ili kuficha lile jingine. Sanduku likarudi. Mnunuzi alingoja miezi miwili kisha akanunua kwingine.

Ala za muziki zilizokamilika za mti huo zimeachiliwa tangu tarehe 26 Novemba 2019, kwa hiyo klarineti zile leo zingepita. Magogo na vipande visivyochongwa bado vinahitaji kibali, na hivyo ndivyo vinavyosafirishwa kwa wingi kutoka nchini. Tunasema basi kwa msisitizo: Dalbergia melanoxylon ni mpingo, na mpingo tu. Abunusi itumike kwa Diospyros peke yake. Mwenye shaka aandike jina la kitaalamu kando ya lile la Kiswahili, si aibu. Wale wanaouza vinyago vya Kimakonde mjini Arusha wanaijua tofauti kuliko kamusi zetu, kwa sababu baadhi yao wamewahi kuletewa mti mwepesi uliopakwa rangi ya viatu, wakautambua kwa kuupima mkononi.

Yapo majina mengine mawili ya miti ambayo mkusanyaji hawezi kuyakwepa. Kabla ya mpingo kuanza kutumiwa na mafundi wa Ulaya katika karne ya 19, filimbi na klarineti zao zilichongwa zaidi kwa mti wa rangi ya manjano wa jamii ya Buxus. Jina lake la Kiingereza linafanana na neno la sanduku, na mtu aliyetufanyia rasimu ya kwanza aliiandika filimbi ya mzee kuwa ni "filimbi ya mbao za sanduku", yaani kitu cha thamani ya kuwashia moto. Tunapendekeza mbuksi, kwa kuliazima jina la kitaalamu na kulipa kiambishi cha miti. Katikati ya zama za mbuksi na za mpingo ulitumika pia mti wa Jamaika na Kuba, Brya ebenus, wenye rangi ya kahawia iliyoiva. Huu tunauita mkokusi. Kwa maneno haya matatu mtu anaweza kuueleza umri wa ala kwa kukisia: mbuksi kwa kawaida hutangulia, mkokusi hufuata, na mpingo ndio unaotawala hadi leo katika viwanda vya klarineti kama vile vya Mantes-la-Ville nchini Ufaransa.

Nyingi ya ala za mbuksi zina pete za pembe za ndovu kwenye viungo. Mzee anayo klarineti moja ya namna hiyo na hakuitia sandukuni. Alifanya vyema. Ndovu wa Afrika waliingizwa katika Kiambatisho cha Kwanza cha mkataba huo huo kuanzia Januari 1990, na pete nyembamba kama ya kidole inatosha kumtia mtu mashakani. Mfasiri asiandike "pete nyeupe" kwa kumhurumia mwenye mali. Aandike "pete za pembe za ndovu", naye mwenye mali atajua la kufanya.

Majina ya ala zenyewe yalitusumbua kwa namna nyingine. Kila ala ya mti inayopulizwa kamusi huiita filimbi au zumari, na aghalabu yote mawili. Filimbi ni jina pana mno: anayo mwamuzi wa mpira, anayo polisi wa barabarani, anayo mchungaji. Ala ndogo ya matundu sita inayoshikwa kwa ubavu, ambayo askari wa miguu wa Uswisi waliiambatanisha na ngoma tangu karne za 15 na 16 na ambayo majeshi mengine yaliiga, tunapendekeza iitwe filimbi ya gwaride. Dada yake mkubwa wa okestra ataitwa filimbi ya ubavu.

Zumari inastahili kuelezwa kwa kirefu. Zumari ya mwambao, ile isikikayo Lamu, Mombasa na Unguja katika ngoma na harusi, ni bomba la mti linalopanuka kuelekea chini, na sauti yake hutokana na tete mbili zinazogusana mdomoni mwa mpigaji. Ndugu zake wametapakaa kutoka Afrika ya Kaskazini hadi India. Mmoja wao, zurna ya Waturuki, ndiye aliyeongoza bendi za jeshi la dola ya Uthmaniya, bendi ambazo watawala wa Ulaya walizivutiwa mno katika karne ya 18 hata wakachukua kutoka kwazo matoazi na ngoma kubwa. Obo ya Ulaya nayo ni ya ukoo huu: tete mbili, bomba la kupanuka. Iliingia jeshini Ufaransa katika karne ya 17, na kwa Wajerumani wapigaji wa bendi za askari wa miguu waliendelea kuitwa kwa jina la obo hadi mwanzoni mwa karne ya 20, ijapokuwa wengi wao kwa wakati huo walipiga klarineti na tarumbeta. Kwa hiyo hatuoni haya kuifanya zumari kuwa jina la ukoo mzima. Obo ni zumari ya Ulaya; zurna ni zumari ya Kituruki; na ile ya Waskoti yenye mfuko wa ngozi, ambayo vikosi vyao viliwahi kuipiga vitani na ambayo mabomba yake kwa kawaida huchongwa kwa mpingo, ni zumari ya mfuko.

Klarineti lakini haimo. Ina utete mmoja uliofungwa juu ya kipulizio, bomba lake halipanuki ila mwishoni, na ilibuniwa mwanzoni mwa karne ya 18 na fundi Johann Christoph Denner wa Nürnberg. Mwenzetu mmoja alipinga kwa hoja nzuri: nchini Misri, zummara, neno la shina moja na zumari yetu, ni ala ya utete mmoja. Hoja hiyo ni kweli kwa Misri. Sisi tumefuata mazoea ya mwambao wetu, ambako zumari na tete mbili haziachani, na klarineti tumeiacha na jina lake.

Kuhusu utete, wingi tete, tuliulizwa kwa nini tusiseme ulimi. Ulimi unaeleweka, ila ndani ya ala kongwe kuna vipande vingine vinavyofanana na ulimi kuliko huo. Kisha utete wa klarineti hukatwa kweli kutoka katika tete, aina ya nyasi ndefu ilimwayo kusini mwa Ufaransa, ambayo ni ya ukoo mmoja na matete ya kandokando ya mito yetu. Neno na kitu yameoana bila kulazimishwa.

Sehemu za chuma zinazobonyezwa kwa vidole tuliziita funguo. Karatasi ikasomeka "klarineti moja yenye funguo kumi na tatu", na tukaulizwa kwa simu kama funguo hizo zimefungashwa au zimebaki nyumbani. Ziitwe vibonyezo. Hesabu yake ina maana kubwa kwa mkusanyaji: klarineti ya vibonyezo vitano au sita kwa kawaida ni ya mwisho wa karne ya 18 au mwanzo wa 19, nayo ya vibonyezo kumi na vitatu hufuata mfano ulioletwa na Iwan Müller miaka ya 1810. Sehemu iliyopanuka chini tuliiita kengele, tukafanya ala nzima ionekane kama ya shuleni, iitwe mdomo.

Kosa la mwisho latuchekesha hata leo. Juu ya klarineti mojawapo mlikuwa na mhuri wa herufi H.P., nayo rasimu yetu ikasema ala hiyo ina "nguvu za farasi", bila kutaja ngapi. Herufi hizo zaonyesha kwamba ala ilitengenezwa kwa kidatu cha juu, kile ambacho bendi za jeshi la Uingereza zilikitumia hadi mwishoni mwa miaka ya 1920, wakati sauti ya A ilipohesabiwa kuwa na mitetemo ipatayo 452 kwa sekunde badala ya 439 au 440 ya baadaye. Ala za L.P. ni za kidatu cha chini. Neno kidatu limekwisha kutumiwa na wanaisimu kwa maana iliyo karibu na hii, nalo linatuepusha na ile tafsiri nyingine ya "lami", ambayo pia tumeiona. Badiliko hilo la kidatu ndilo lililozitoa ala nyingi mikononi mwa wapigaji na kuzitia makabatini. Ala ya H.P. ikipigwa pamoja na za leo haipatani nazo, na bomba la mti halirefushwi.

Yamebaki mambo mawili tusiyoyamaliza. La kwanza ni ala ya mti iliyopindwapindwa na kuvikwa ngozi, iliyovuma katika bendi za jeshi la Uingereza mwishoni mwa karne ya 18, ambayo Waingereza na Wafaransa huiita kwa jina la nyoka. Mzee anayo picha yake tu. Haina utete, midomo ndiyo inayotetema, kama katika baragumu, ila baragumu kwetu ni la pembe ya mnyama, mfano wa ile pembe ya tandala wanayoipuliza Wamaasai katika eunoto. Tuna mapendekezo mawili, baragumu-nyoka na siwa ya nyoka, na wajumbe wamegawanyika sawasawa.

La pili ni majina waliyoyatumia wapigaji wenyewe. Askari wa zamani walitupa shaushi na ombasha, vyeo vya Kituruki vilivyofika hapa kwa kupitia Sudani pamoja na jeshi la Wajerumani, na bila shaka walikuwa na maneno yao pia kwa vibonyezo, tete na pete. Msomaji mwenye mzazi au jirani aliyepiga klarineti katika bendi ya jeshi, ya kabla ya mwaka 1964 au ya baadaye, tunamwomba amwulize aliitaje kila sehemu ya ala yake, na atuandikie kabla ya kikao kijacho cha istilahi. Orodha ya mzee wa Tengeru imefasiriwa upya na imo mezani kwetu, ikiwa na nafasi tupu katika mistari miwili.